Kaseti Isiyo na Mwimbaji

Jua lilikuwa linazama Yaqdhan alipoingia katika duka la Mahfoudh, fundi wa redio wa mtaa wa Hamriya, na kaseti ya Sayyida, marehemu mkewe, mkononi. Deki ya nyumbani ilikuwa imetafuna utepe wake. Ilikuwa mwaka 1998 na watu walishahamia kwenye sidii, lakini yeye alitaka hiyo hiyo. Ndani yake zilikuwamo rekodi za mwanzo kabisa za mtayarishaji mmoja wa rege wa Jamaika, alizozinakili Sayyida alipokuwa akisoma London.

Sura ya Sayyida alikuwa nayo kwenye picha. Sauti yake haikurekodiwa popote, na Yaqdhan alikuwa ameanza kuisahau.

"Huyu mtayarishaji mwizi," alisema Mahfoudh, akiuzungusha utepe kwa penseli. "Anamfuta mwimbaji, anabakisha ngoma na besi. Kisha anakurushia neno moja tu la yule maskini, linajirudia mpaka linapotea. Mke wangu angefutwa hivyo, nyumba ingetulia!"

Akaisimamisha penseli.

"Astaghfirullah. Nisamehe, sheikh wangu."

"Si kitu. Ijaribu."

Fundi akaitia kaseti kwenye deki ya duka, besi ikaanza. Adhana nayo ikaanza. Mahfoudh akapunguza sauti.

"Twende msikitini."

"Ntasali nyumbani."

"Basi nnakufungia. Nikiacha wazi wakati wa sala, nitasemwa."

Mlango wa bati ukashuka. Kufuli likalia nje.

Joto. Harufu ya risasi ya kulehemu... kisha harufu ya udi. Udi wa Sayyida.

Ngoma zikakatika. Katika ule uwazi, mwanamke akaita.

"Yaqdhan..."

Mwangwi ukalibeba jina, ukalirudisha.

Alijua anachopaswa kufanya. Mama yake, kama akina mama wote waliovuka bahari kutoka Unguja, alimkataza tangu mdogo: ukiitwa wakati wa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike. Chuoni aliwahi kuwachekesha wenzake kwa habari hiyo.

"Yaqdhan..."

Ilikuwa sauti ya Sayyida. Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

"Naam," akaitika.

Besi ikanyamaza.

Akataka kumwita Sayyida. Mdomo ulifunguka, lakini sauti haikutoka. Akaukimbilia mlango, akaupiga kwa viganja viwili, midomo ikimwita Mahfoudh bila sauti. Bati lilitikisika bila kutoa mlio wowote.

Nyuma yake, ndani ya spika, bati likalia.

Mlango ulipopanda, Mahfoudh alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Ulikuwa na nani humu? Nimesikia mwanamke."

Yaqdhan akaonyesha koo lake. Kisha deki.

Mahfoudh akaurudisha utepe nyuma, wakasikiliza pamoja. Ngoma, besi, na katikati yake mwanamume akisihi: "Fungua! Mahfoudh, nifungulie!" Ilikuwa sauti ya Yaqdhan. Mwangwi uliirudisha, kila mara ikitokea mbali zaidi.

Mwanamke akacheka.

Sayyida hakuwa akicheka hivyo.

"Umeitika," alinong'ona Mahfoudh. "Nikiufuta utepe, pengine sauti yako itarudi. Pengine. Lakini na huyo mwanamke atafutika. Nifute?"

Akaweka kidole kwenye kitufe chekundu cha kurekodia. Kwenye spika, yule mwanamume akaanza kulia.

"Yaqdhan..." akaita mwanamke, taratibu, na ule mkwaruzo mwishoni.

Yaqdhan akakishika kidole cha fundi, akakiondoa. Akavuta kiti karibu na spika, akaketi, akamwashiria Mahfoudh aufunge mlango.