Nyumba ya Kumi na Mbili

Kila Jumamosi alfajiri Gorret alitoa baiskeli yake kwenye kibanda cha kuni na kuipeleka mbele ya karakana ya mjomba wake, Ezironi. Ezironi alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha katika mji wa mpakani wa Bwera, lakini Jumamosi asubuhi hakugusa chuma chochote isipokuwa baiskeli. Alikagua magurudumu, kisha mnyororo, kisha breki, kila mara kwa mpangilio uleule, ya kwake kwanza na ya Gorret baadaye. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga.

"Kunywa maji kabla hujasikia kiu," alimwambia Gorret, kisha wakaondoka.

Walipita Kisinga na Kinyamaseke, wakateremka hadi tambarare ya Kikorongo, wakageukia hapo. Ezironi hakuwahi kushinda mbio zozote, wala hakuonekana kujali. Aliyejali ni Gorret. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alitaka siku moja avae namba mgongoni.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mbio kubwa za wanawake zingepita Bwera, alihesabu siku zote zilizobaki. Waendeshaji hao walikuwa watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, kutoka nchi saba. Siku ya tatu ya mbio wangeanzia Kasese, wapite Muhokya na Kikorongo, na kumalizia karibu na mpaka wa Mpondwe. Ezironi aliingizwa katika kamati ya barabara. Alipewa kipande kimoja tu, kuanzia sokoni hadi kona kali iliyo mteremkoni, jirani na daraja.

Watu wa kipande hicho huanika kahawa ukingoni mwa lami. Lami hushika joto mapema, na kahawa hukauka upesi kuliko ikiwa uani. Kila mmoja hutandika turubai lake, na madereva wamezoea kukwepa. Wote walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mbio zitapita Jumamosi saa sita mchana. Lakini Ijumaa alasiri Ezironi alipigiwa simu. Muda ulikuwa umebadilishwa. Waendeshaji wangefika saa tatu na nusu asubuhi.

Ezironi aligawa kazi. Yeye angekwenda nyumba za upande wa soko, na Gorret angekwenda nyumba kumi na mbili za upande wa kona.

"Ingia kila nyumba," alimwambia. "Usimtume mtoto, wala usipaze sauti kutoka barabarani. Mwone mtu mzima, umwambie asianike kahawa kesho mpaka mbio zipite."

Gorret alifika nyumba kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mama Chérie, penye kona yenyewe. Mama Chérie, ambaye jina lake hasa ni Geneviève, alikuwa amehamia Bwera kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu iliyopita pamoja na binti yake Chérie, aliyesoma darasa moja na Gorret. Alinunua kahawa mbichi kwa wakulima wa mlimani, akaianika na kuiuza. Chumba alichopanga hakikuwa na ua. Ukingo wa barabara ndio uliokuwa ua wake.

Gorret alikuwa amebakiza hatua kama hamsini kufika mlangoni aliposikia minyororo ikivuma nyuma yake. Waendeshaji wanne waliovaa nguo za rangi moja walikuwa wakiikagua njia ya kesho. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu ambaye picha yake ilibandikwa sokoni. Aliitwa Ayaa, mzaliwa wa Gulu, binti wa askari, naye alikulia kambini. Alimwona msichana amesimama na baiskeli, akapunguza mwendo.

"Wewe afande, unakuja ama unabaki?"

Gorret alirukia baiskeli yake.

Aliwafuata hadi karibu na mpaka. Katika mteremko Ayaa alimwonyesha kwa kidole jinsi ya kulaza baiskeli kwenye kona bila kushika breki, na Gorret akafanya hivyo, upepo ukimtoa machozi. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Aliporudi giza lilikuwa limeshaingia na mlango wa Mama Chérie ulikuwa umefungwa. Alijiambia kwamba atapita asubuhi na mapema.

Nyumbani Ezironi alimwuliza, "Zote kumi na mbili?"

"Zote," alisema Gorret.

Ezironi alimshukuru, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Asubuhi Gorret aliamshwa na sauti za watu waliokuwa wakibeba viti kwenda barabarani. Alikumbuka nyumba ya kumi na mbili akiwa anafunga viatu. Lakini alipotoka nje aliona jinsi ukuta wa daraja ulivyokuwa ukijaa watu, mahali pazuri kuliko pote pa kutazamia, akajiambia kwamba bila shaka jirani mmoja amekwisha kumwambia Mama Chérie. Akakimbilia ukutani.

Pikipiki ya polisi ilitangulia ikipiga honi. Mama Chérie alitoka ndani na kuona watu wamejipanga, huku turubai lake likiwa limetandazwa kahawa tangu alfajiri. Ezironi alikuwa akilinda upande wa soko, na wengine walizoea kuona kahawa pale. Polisi alimfokea aliondoe. Alishika pembe mbili akavuta kwa haraka. Turubai likajikunja, na kahawa ikamwagika hadi katikati ya kona.

Waendeshaji walikuwa wamekwisha kuingia. Watatu wa mbele walipita. Wa nne alikuwa Ayaa. Gurudumu lake la mbele liliteleza kana kwamba limepita juu ya kokoto za mviringo, akaanguka kwa bega, na mlio wa mfupa ulisikika hadi darajani.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, watu walimgeukia Mama Chérie. Wengine walisema hawa wageni hawajali. Mzee Kambale, mwenyekiti wa mtaa, alimwuliza kwa nini aliwadharau watu waliokuja kumwonya.

"Hapana mutu alinionya," alisema Mama Chérie. "Mi najua ni saa sita."

Mzee Kambale alimtazama Ezironi. Ezironi alifunua karatasi yake, akasema kwa upole kwamba msichana alipita nyumba zote. Kisha akageuka.

"Gorret, ulimwambia Mama Chérie?"

Watu wote walimtazama. Kulikuwa na nafasi ya kusema hapana, nafasi fupi kama pumzi moja, na Gorret aliiona ikipita.

"Nilimwambia," alisema.

Mama Chérie alimwangalia kwa muda mrefu. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akakisahau.

"Pengine mutoto aliniambia," alisema taratibu, "na mi sikusikia vizuri."

Mzee Kambale alimkataza kuanika chochote barabarani mpaka kikao cha mtaa Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni. Hapo ndipo wangeamua kama ataruhusiwa kuendelea na biashara yake pale au ahame.

Juma hilo Gorret alitembea akiangalia chini. Kila alipopita penye kona alisikia harufu ya uchachu kutoka chumbani kwa Mama Chérie, kwa sababu kahawa mbichi ilikuwa imekaa kwenye magunia ikiharibika. Alitamani Chérie amtukane. Chérie hakumtukana. Siku ya Jumatano, wakati wa mapumziko, alikuja kuketi karibu naye na kumweleza kwamba mama yake halali. Kila usiku anajaribu kukumbuka maneno aliyoambiwa, lakini hayaji.

"Ulimwambia akiwa ndani ama mlangoni?" aliuliza Chérie. "Nikimwambia mahali, labda atakumbuka."

Gorret alihisi uso wake ukiwaka.

"Mlangoni," alisema.

Jumamosi alfajiri Ezironi alifunga kofia ngumu ya Ayaa nyuma ya baiskeli yake. Iliokotwa mtaroni siku ya ajali, na Ayaa alikuwa bado Kasese, nyumbani kwa kocha wake, akingoja kupata nguvu za kusafiri. Gorret aliomba kwenda. Ezironi alimkumbusha kwamba hajawahi kupita Kikorongo. Gorret akasema ataweza. Hakusema kwamba alitaka kuwa mbali na Bwera, hata kwa saa chache.

Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kuendesha. Baada ya Muhokya miguu yake ilianza kukaza, lakini hakuomba kupumzika. Maumivu yale aliyaona kama haki yake.

Ayaa alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa kifuani. Alipomwona Gorret, alitabasamu.

"Hii mtoto naijua," alimwambia Ezironi. "Ilinifuata Ijumaa mpaka karibu na mpaka. Kona yote ililala vizuri. Iko na miguu, hii."

"Ijumaa saa ngapi?" aliuliza Ezironi.

"Jioni. Saa kumi na mbili hivi, mpaka giza. Tuliikuta imesimama karibu na ile kona."

Ezironi alitikisa kichwa polepole. Hakumtazama Gorret. Alimpa Ayaa kofia yake, akamwuliza habari za mtulinga, ule mfupa wa bega uliovunjika, akasikiliza majibu hadi mwisho, kisha akaaga.

Nje aliinama kujaza upepo gurudumu la Gorret, ingawa lilikuwa gumu tayari. Gorret alisimama akitazama mgongo wa shati lake uliolowa jasho. Alitamani agombezwe. Lakini Ezironi aliendelea kupampu, na Gorret akaelewa kwamba anangojwa.

"Mjomba, nyumba ya kumi na mbili sikufika."

Ezironi aliachia pampu.

"Nilielewa tukiwa mle ndani. Nilitaka useme wewe." Aliifunga pampu kwenye baiskeli yake. "Nani wengine wanapaswa kusikia?"

Gorret aliwataja mmoja mmoja: Ayaa, Chérie, Mama Chérie, mzee Kambale, watu wote wa mtaa. Sauti yake ilikuwa ikipungua kwa kila jina.

"Anza na aliye karibu," alisema Ezironi.

Gorret alirudi ndani peke yake. Alimweleza Ayaa kila kitu, na jinsi alivyosema uongo mara tatu. Tabasamu lilitoka usoni mwa Ayaa. Aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Miezi mitatu mimi sipandi baiskeli," alisema. "Hiyo umefanya wewe."

Ayaa aliisogeza kofia pembeni.

"Na huyo mama, wanamfukuza lini?"

"Kikao ni leo, saa kumi."

"Basi unafanya nini hapa? Ondoka. Upesi."

Walingoja gari barabarani hadi alasiri, kisha wakapakia baiskeli kwenye pikapu iliyokuwa ikielekea mpakani. Walipofika Bwera kikao kilikuwa kimeanza. Watu walijaa kwenye baraza ya duka karibu na kona. Mama Chérie alikuwa ameketi mbele, amevaa kitenge chake kizuri kama mtu anayekwenda kanisani, na Chérie kando yake.

Ezironi aliomba nafasi, kisha akarudi nyuma. Gorret alisimama.

"Mama Chérie hakusahau," alisema. "Hakuna neno la kukumbuka, kwa sababu sikumwambia. Sikufika kwake. Nilikwenda kuendesha baiskeli, halafu nikasema uongo, kwa mjomba, kwa mwenyekiti na kwa Chérie."

Chérie alisogea mbali kidogo kwenye benchi, kana kwamba Gorret alikuwa ameketi hapo. Mama Chérie alifumba macho.

"Juma muzima," alisema, "nilikuwa najiuliza kama kichwa yangu imeanza kuharibika. Usiku naamka, natafuta maneno ya huyu mutoto. Kahawa imeoza, basi. Kahawa nitanunua ingine. Lakini mi niliogopa akili yangu mwenyewe."

Mzee Kambale alimwomba msamaha mbele ya wote kwa kumhukumu kabla ya kuuliza vizuri, na wale waliosema wageni hawajali wakatazama viatu vyao. Mama Chérie aliruhusiwa kutandika turubai lake palepale, kuanzia kesho yake. Gorret aliomba awe akija kila alfajiri kabla ya shule kumsaidia kuanika, mpaka msimu wa kahawa uishe. Mama Chérie alifikiri, kisha akakubali. Chérie hakuongea na Gorret siku hiyo, wala juma lililofuata.

Jioni Gorret na mjomba wake walisukuma baiskeli kuelekea nyumbani. Gorret aliuliza kama angemsamehe.

"Nimekwisha kukusamehe," alisema Ezironi. "Kuwafuata waendeshaji, hata mimi ningetamani. Ungerudi ukasema, 'Mjomba, imebaki nyumba moja,' ningekwenda mimi usiku uleule, na hakuna ambaye angeumia. Ndiyo maana nataka ushike jambo hili. Ukisema umefika mahali ambapo hukufika, kuna mtu atapita hapo akilitegemea neno lako. Ayaa alilitegemea bila hata kulisikia. Na Mama Chérie aliliamini kuliko alivyoiamini akili yake mwenyewe."