Koga la Jiwe la Uani

Mambo haya yalimpata fundi cherehani mmoja, jirani wa shangazi yangu, katika mji mkavu ambako hata majani huota kwa kusitasita. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani mara mojamoja. Fundi alibaki na mama mkwe, kikongwe aliyeanza kujikojolea na kuropoka mbele za watu.

Wateja wakija kupimwa, fundi alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa.

"Mama, punga upepo kidogo. Nitakufuata."

"Wageni wakiondoka?"

"Wakiondoka, Mama."

Siku moja likaja kundi la bibi harusi na wapambe wake. Vicheko, vitambaa, pini, soda. Fundi alipima na kukata mpaka jua likaanza kupoa. Alipokumbuka, mkasi ulimponyoka. Kikongwe alikuwa ameliegemea jiwe, macho wazi, midomo imekauka.

Alimbeba peke yake, akamlaza kitandani. Mumewe alipofika alimwambia, "Alilala tu, hakuamka."

Msibani watu walimsifu: mkwe kama huyu hapatikani. Aliinamisha uso. Walidhani ni majonzi.

Haukupita muda mrefu, akaona koga kwenye lile jiwe. Koga kavu, la kijivu na rangi ya chungwa, linalong'ang'ania mawe kama magamba. Kwa kawaida huchukua umri wa mtu kutanuka upana wa kiganja. Hili lilitanda kwa siku chache. Lilikuwa na mabega. Lilikuwa na kichwa kilichoinamia upande.

Alilisugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikatoka damu. Asubuhi lilikuwepo. Safari hii kichwa kilikuwa kimenyooka, kimeelekea mlangoni.

Kisha likaota kwenye udongo, mabaka mawili mawili, kuja nyumbani. Kisha kwenye gome la mti wa uani, pale ambapo mtu asiye na nguvu angejishikiza.

Mchana mmoja alikuwa akimpima mteja kiuno. Nje ya mlango kitu kikakwaruza. Kikavu. Polepole.

"Wageni wameondoka?"

Mteja akageuka. "Fundi," alinong'ona, "nani huyo?"

Fundi alitaka kusema hakuna mtu. Ulimi ulikataa.

"Mama mkwe. Nilimwacha juani kwa kumwonea aibu. Akafa."

Mteja alitoka mbio, kitambaa chake akakiacha. Habari zilimfikia mume kabla hajashuka kwenye lori. Hakufoka. Alienda uani, akakaa juu ya jiwe mpaka giza likaingia. Kesho yake alifunga mizigo yake.

"Ungeniambia tu, mke wangu," alisema. "Ningekuja kukaa naye mwenyewe."

Hakurudi tena.

Fundi alihamia mtaa mwingine. Huko ngozi ya kifundo cha mkono wake ilianza kukakamaa. Likatokea baka la vidole vinne na gumba, vimeshika kwa nguvu. Daktari alikwangua kidogo, akakitazama alichokwangua kwenye mwanga.

"Dada," alisema, "hiki hakioti kwa watu."

Tangu hapo huvaa nguo za mikono mirefu, hata kwenye joto kali. Shangazi aliiona alama hiyo mara moja tu, mvua ya kwanza ilipomlowesha fundi barabarani. Kwa kupata maji, ilikuwa imegeuka kijani kibichi.

Na ilikuwa imefika kiwikoni.