Shevroleti la Mzee Havyarimana

Jumapili ile ya Novemba 2014 ilianza vizuri. Shemeji yangu Kipriani, mume wa dada yangu Immakulata, alitoka misa ya kwanza pale Kasulu, akavua koti, akaanza kulifuta gari lake kwa kitambaa laini. Lilikuwa Shevroleti la mwaka 1957, kijani na nyeupe, lenye mapezi nyuma kama samaki. Alilihangaikia miaka miwili, akifuata vipuri hadi Bujumbura. Sisi wapenzi wa magari ya zamani tulikuwa watatu tu mjini: yeye, mimi na Land Rover yangu, na mwalimu Laurent, ambaye Pijo yake ilikuwa bado juu ya mawe.

Tulipanga kwenda Kibondo, tule nyama choma, turudi. Ndiyo ilikuwa safari ndefu ya kwanza ya Shevroleti.

Gari hilo Kipriani alilipata kwa Ange, binti wa marehemu mzee Havyarimana. Mzee ndiye aliyekimbia nalo kutoka Burundi wakati wa mauaji ya mwaka 1972. Siku anatukabidhi ufunguo, Ange alisema neno moja tu: "Baba alipakia watu tisa. Alivuka mpaka peke yake." Hatukuuliza zaidi. Kwa watu waliokimbia, kuna mambo hayaulizwi.

Njiani ilikuwa raha tupu. Kipriani mbele, kiwiko nje ya dirisha. Wanawake waliokuwa wakipanda maharage waliinua majembe kumsalimia. Laurent, aliyekaa kando yangu, alikuwa akipiga picha kwa simu. Ghafla akaishusha.

"Majaliwa, shemeji yako kabeba nini?"

Mkia wa Shevroleti ulikuwa umelala, bampa karibu ikwangue barabara.

Nikapiga honi, Kipriani akasimama. Tukafungua buti: tupu. Viti: vitupu. Laurent akaingia uvunguni, akasema springi ni nzima. Kipriani hakushuka. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, jasho likimchuruzika.

"Shuka, shemeji."

"Siwezi," akanong'ona. "Wamenishika mabega."

Nikatazama. Shati lake lilikuwa limebonyea pale vidole vinapokaa. Vidole havikuwepo.

Nilimkamata kiunoni, Laurent akamkamata mguu. Tukavuta. Wanaume wazima wawili. Ilikuwa kama kuvuta kisiki. Machoni alikuwa akituomba, halafu gari likawaka lenyewe. Likaondoka, naye akatuponyoka mikononi.

Tulichoweza ni kufuata.

Kibondo hakukata kona. Alipita. Niliipiga honi mpaka ikakauka. Nilijaribu kumpita, na kila nilipojaribu, Shevroleti lilihamia katikati ya barabara. Laurent alihangaika na simu, mtandao hakuna. Huko mbele Kipriani akakata kushoto, njia ya Nyabibuye, upande wa mpakani. Kwenye kioo cha nyuma nilikiona kichwa chake kimoja tu. Hakikugeuka.

Saa kumi na moja hivi, jua bado lipo, Shevroleti likasimama njia ilipoishia, karibu na kijito cha mpakani.

Milango yote minne ikafunguka.

Gari likainuka. Kidogo. Likatulia. Likainuka tena. Kama linavyofanya abiria wakishuka mmoja mmoja. Laurent alikuwa akihesabu kwa kunong'ona.

"Saba. Nane. Tisa."

Mkia ukasimama sawa. Nikashusha pumzi.

Kisha likainuka upande wa dereva.

"Kumi," Laurent akasema.

Tukakimbia. Kiti kilikuwa na joto. Kipriani hakuwepo. Hatua ishirini tu, macho yetu mawili mawili, na hakuna aliyemwona akishuka.

Kwenye matope kulikuwa na nyayo za watu pekupeku, nyingi, zikielekea kijitoni. Katikati yake, alama za viatu vya Kipriani vya misa. Hakuburutwa. Alitembea. Kushoto kwake, hatua kwa hatua, nyayo ndogo, kama za mtoto aliyeshikwa mkono.

Tukavuka, maji magotini. Ng'ambo matope yalikuwa laini, hayana alama hata moja. Tuliita mpaka sauti zikakatika.

Polisi na wanakijiji walitafuta siku nane, bila kitu. Immakulata amekataa matanga mpaka leo; anasema mumewe yuko safarini. Hizo nyayo nilimsimulia. Ila sikumsimulia tulichokikuta tuliporudi upande wetu wa kijito.

Nyayo ndogo zilikuwa zimetoka majini. Peke yake. Mbichi, bado zinajaa maji. Tukazifuata. Zilipita kando ya Shevroleti, hazikusimama. Ziliishia kwenye mlango wa nyuma wa Land Rover yangu.

Mlango ulikuwa umefungwa. Jua lilikuwa linazama, na zaidi ya Shevroleti hatukuwa na gari jingine la kutufikisha nyumbani.