Vifungo vya Shati la Babu Vernon

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maribeth alimfunga babu yake vifungo vya shati na kamba za viatu, kisha akammiminia kahawa nusu kikombe ili isimwagike. Vidole vya mzee Vernon vilikuwa na ganzi tangu lori lao la jeshi lilipopinduka vitani. Pale mjini Lawton, Marekani, hakuna jirani aliyejua.

"Yaishie humu humu ndani, mjukuu wangu," babu alimwambia. "Mwanajeshi halalamiki."

Siku ya kupimwa ili apate malipo ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu, mzee alitaka kupendeza. Maribeth akamvalisha shati jeupe, akalifunga mpaka kifungo cha shingoni. Daktari alipomuuliza hali, babu alikaza mgongo kama aliye mbele ya kamanda, akajibu, "Sijambo kabisa."

Barua ya majibu ikaja, ombi limekataliwa: "Alifika nadhifu, shati na viatu vimefungwa vizuri. Mikono yake inafanya kazi." Maribeth aliisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga. Kumbe mikono iliyosifiwa ilikuwa yake yeye mjukuu, na ndiyo iliyomponza babu.

Bi Pruitt, mwanajeshi mstaafu aliyewasaidia wenzake kukata rufaa, alikuja nyumbani. "Tunahitaji shahidi, Vernon. Nani anakuona kila siku?"

"Hakuna mtu."

"Mimi nipo, babu," Maribeth alisema. "Mimi ndiye ninayekuvisha."

Mzee aligeukia dirishani, masikio yamemwiva kwa aibu. "Haya, andika," alisema mwishowe.

Maribeth akaandika kwamba babu hawezi kushika kitu chochote. Bi Pruitt akatazama kikombe mkononi mwa mzee.

"Chochote, mama?"

"Nilitaka wamhurumie."

"Usitie chumvi. Wakikuta uongo mmoja, ukweli wako wote hautaaminika. Andika ulichokiona tu."

Akaanza upya: kikombe hushika, kikiwa nusu, kifungo hawezi, kalamu humwanguka.

Siku ya rufaa, hakimu aliongea nao kupitia kompyuta. "Hujambo, bwana Vernon?"

"Sijam..." Babu akamtazama mjukuu wake. "Mheshimiwa, mikono yangu haijiwezi. Mtoto huyu ndiye anayenivisha."

Baada ya miezi minne uamuzi ulifika: rufaa imekubaliwa. Maribeth alimkumbatia babu yake mpaka kahawa ikamwagika.

"Sasa nisikilizeni," Bi Pruitt alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuongeza ni uongo, na kuficha ni uongo vilevile, hata ukificha kwa ushujaa."

Babu aliinamisha kichwa, akafikiri.

"Kama ni hivyo," alisema polepole, "basi na shingo nayo inaniuma. Miaka yote hii, tangu lori lile lipinduke, inaniuma."

Bi Pruitt akavuta kiti, akatoa kalamu.