Vitu Vitatu vya Jiko la Mama Thérèse

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha joto mawe meusi ya mtaa wa Mapendo, Charline alikuwa ameshafagia jiko. Na jiko lenyewe, msicheke, halikuwa na ukuta hata mmoja. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai kuukuu lililofungwa kwenye miti minne ya mikalitusi. Sakafu yake ilikuwa lava ile iliyoshuka kutoka kwenye volkano miaka mingi iliyopita, ikapoa na kubaki pale pale, ngumu na yenye matuta. Hapo mama yake, Mama Thérèse, aliwasha mbabula zake tatu, majiko madogo ya makaa, akapika ugali wanaouita bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo waitwao sambaza. Saa sita mchana waendesha chukudu walikuja kula, wakiziegemeza chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwenye ua.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, na Charline, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alishinda jikoni pamoja na mama. Jumamosi moja alikuja Direkta Léopold, mkuu wa shule ya jirani. Alionja sambaza mbili, akalamba vidole.

"Mama Thérèse," alisema, "Ijumaa walimu wangu kumi na wanne wana mkutano. Utupikie. Tukiridhika, shule ikifunguliwa tutakula kwako kila siku, mwaka muzima."

Mama alimshukuru kwa utulivu, lakini direkta alipotoka tu, alimshika Charline mikono wakacheza pale pale kati ya mbabula. Kupata wateja wa kila siku! Hakuna tena kukaa na sufuria iliyojaa siku za mvua, ukitazama barabara.

Jioni ile mjomba Ferdinand alipita kuwasalimu. Alikuwa na duka la vyombo mjini, na habari za walimu zilimfurahisha mno.

"Charline, wewe unashinda jikoni," alisema. "Kesho baada ya misa njoo dukani, uchague vitu vitatu vya kumusaidia mama. Vitatu tu, ni zawadi yangu."

Loo, usingizi ulikuja kwa shida usiku huo! Kesho yake Charline aliingia dukani kwa haraka hata akajigonga goti kwenye kitu fulani cha chuma, cheusi, chenye vumbi, kilichokaa karibu na mlango. Alikitazama kwa hasira, akasonga mbele. Huko ndani vitu vilikuwa vinang'aa! Alichagua chupa ya chai yenye maua mekundu. Alichagua seti ya sahani zenye ukingo wa dhahabu. Cha tatu kilikuwa sinia kubwa lenye kifuniko, kama yale ya harusini. Akilini mwake alishamwona direkta akikodoa macho na kusema, "Eh, jiko gani hili!"

Mjomba alijikuna kidevu. "Mama yako ndiye alitaka hivi?"

"Ndiyo, mujomba," Charline alijibu upesi. Huo ulikuwa uongo mtupu, kwa maana hakuwa amemuuliza mama hata neno moja.

Mama alipovipokea alivigeuza geuza, akatazama huku na huku jikoni akitafuta pa kuviweka, mwishowe akavipeleka ndani juu ya kabati. "Ni vizuri, mutoto wangu," alisema.

Jumatatu, saa tano na nusu, maji ya bugali yalikuwa yanatokota. Mama alishika mwiko. Siku zote alipoanza kusonga, mtu mmoja alishika masikio ya sufuria kwa vitambaa, kwa sababu mbabula haikukaa sawa juu ya lava.

"Charline! Njoo unishikie sufuria!"

"Nakuja, mama!" Charline aliitika kutoka ndani. Lakini hakwenda. Alikuwa akifuta ukingo wa dhahabu wa sahani ya sita, na sahani sita nyingine zilikuwa zinamngoja.

Mama alingoja kidogo, kisha akaanza kusonga peke yake. Mbabula iliinama upande mmoja, sufuria ikateleza, na uji wa moto ukammwagikia kwenye mkono wa kulia. Alipiga kelele moja tu. Charline alitoka mbio akakuta mama amechuchumaa, amekumbatia mkono wake, machozi yakimtiririka.

Benny, mdogo wake Charline, alikuwa ameshakimbilia dawa ya meno ili ampake mama. "Acha hiyo!" alisema jirani yao muuguzi, Mama Gisèle, aliyesikia kelele na kuja. "Dawa ya meno ni ya meno. Leteni maji safi ya baridi." Aliumwagia mkono ule maji polepole, dakika ishirini nzima, kisha akampeleka mama kituo cha afya kufungwa bendeji.

Charline alibaki jikoni na moyo mzito kama jiwe. Mkono wa kulia wa mama! Ijumaa nani angesonga bugali ya watu kumi na wanne? Na walimu wakienda kula kwingine, je?

Mama aliporudi, Charline alipiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Uliniita nikakawia kwa ajili ya sahani. Tena nilimudanganya mujomba, nikasema wewe ndiye ulizitaka."

 Mama alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Mukono unaniuma," alisema. "Lakini uongo huo unaniuma pia. Kesho uende kwa mujomba wako, umuambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Njia ya kwenda dukani haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Charline alisema yote, macho chini, vitu vitatu vikiwa vimefungwa kwenye kitenge. Mjomba alivipokea, akavirudisha mahali pake kimoja kimoja.

"Nitakubadilishia," alisema hatimaye. "Lakini leo huchagui kitu. Rudi nyumbani, ukamutazame mama yako akifanya kazi. Ukijua mukono wake unatafuta nini, ndipo uje."

Jumatano Charline aliokota kipande cha makaa. Mama alipika kidogo kwa mkono wa kushoto, naye Charline akamsaidia. Kila mama alipopata taabu, Charline alichora mstari kwenye ubao wa ua. Mbabula ikiyumba, mstari. Mama akiokota makaa ya moto kwa vijiti viwili, yakaanguka, mstari. Mama akiacha mboga motoni ili akawamiminie wateja maji ya kunawa, mstari. Upepo wa kutoka ziwa lililo karibu ukipuliza majivu kwenye sombe, mstari. Hadi jioni ubao ulikuwa mweusi, na Charline aliona haya. Taabu hizo zote zilikuwepo siku zote, mbele ya macho yake, naye hakuziona.

Alhamisi asubuhi aliingia dukani, akamsimulia mjomba mistari yote, hata ule wa upepo, na safari hii alisimama karibu na mlango. Kile chuma cheusi kilichomgonga goti kilikuwa jukwaa la kuwekea sufuria juu ya mbabula. Kilikuwa na miguu minne, kila mguu na skrubu ya kuurefusha au kuufupisha, na juu pete nene ya kushika sufuria isicheze.

"Hiki, mujomba. Mawe yetu hayako sawa, lakini miguu hii inaweza kusawazishwa. Pia koleo ndefu ya kushikia makaa. Na ndoo yenye kifuniko na robine ya kufungulia maji, wateja wanawe wenyewe."

"Na upepo je? Umeniambia kuna upepo."

"Upepo hauhitaji duka. Mawe tunayo."

Mjomba Ferdinand alicheka hadi akashika tumbo. Mchana ule Charline na Benny walikusanya mawe ya lava, kama yale yaliyoiangusha sufuria, wakapanga ukuta mfupi upande wa ziwa.

Ijumaa ikafika. Mama alikaa kwenye kiti, mkono kwenye bendeji. Charline akashika mwiko kwa mikono miwili.

"Ongeza unga. Songa. Usiogope, songa kwa nguvu!" mama alimwambia.

Alisonga. Jasho lilimtoka, mabega yakawaka moto, lakini sufuria haikutikisika hata kidogo. Bugali ikaiva, laini, bila vidonge.

Walimu walinawa kwenye robine, wakakaa, wakala. Wakaongeza. Direkta Léopold alifuta mdomo, akasema, "Mama Thérèse, shule ikifunguliwa utuone saa sita kamili." Kisha wakaondoka wakizungumza habari za mkutano wao.

Charline aliwafuata kwa macho. "Mama, hakuna aliyesifu jukwaa letu. Hata ndoo hawakuitazama."

Mama alimvuta karibu kwa mkono wake mzima. "Wamesifu chakula, mutoto wangu, na ni wewe umesonga. Zile sahani zingesifiwa, nami ningeungua tena. Ukitaka kumusaidia mutu, usimunulie kinachopendeza macho yako. Tazama kazi yake kwanza, umuulize, halafu useme kweli. Basi."

Charline aliingiza mkono mfukoni. Kile kipande cha makaa kilikuwamo tangu asubuhi, tayari kwa mistari ya siku hiyo. Hakuwa amechora hata mmoja. Alikitupa ndani ya mbabula, akabandika chai ya mama.