Kiranja Aliyeficha Uchungu

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walishuka mtoni kuteka maji ya uji. Kabugho, kiranja wao katika shule moja ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, alisimama kando ya njia akiwahimiza.

"Mnatembea kama konokono. Kazeni mwendo."

"Ndiyo, afande," mvulana mmoja alijibu, na wengine wakacheka chini kwa chini.

Zamani hawakumwita hivyo. Lakini tangu mama yake alazwe hospitalini Kasese, Kabugho alikuwa amebadilika. Aliishi kwa shangazi yake, na usiku alilala amekumbatia kitenge cha mama. Shuleni hakumwambia mtu. Aliamini kwamba kiongozi akionyesha machozi, hakuna atakayemtii. Basi machozi yaliyokosa njia yakageuka makali ya ulimi.

Alhamisi, rafiki yake Aimée, aliyehamia kutoka Butembo, alichelewa.

"Kila siku ni wewe tu," Kabugho alimfokea mbele ya wote. "Ukishindwa, rudi kwenu Kongo."

Aimée alitua jerikeni lake. "Kwetu iko vita, Kabugho. Unajua muzuri." Akaondoka bila kugeuka.

Tangu hapo, Kabugho alipokaribia kundi lolote, mazungumzo yalikatika. Alikunywa uji peke yake, ameegemea ukuta wa jiko. Ijumaa, Mwalimu Tumwesigye alimwita.

"Wenzako wanataka kiranja mwingine. Jumatatu watapiga kura. Una la kuwaambia?"

"Sina, mwalimu."

Jumamosi alipanda mlimani Kyondo kumsaidia mjomba wake, Yosamu, kuchuma kahawa. Kikapu hakijajaa, wakaitwa: jirani yao Enid alishikwa na uchungu wa kuzaa, na huko juu gari halifiki. Wanaume walimlaza kwenye machela, wakaiinua mabegani. Kabugho alifuata na mfuko wa nguo za mtoto. Wabebaji wa mlimani wana desturi yao: bega likichoka, unasema "pokea", na anayetembea kando anaingia mahali pako.

Nobert, kijana mwenye misuli aliyekuwa mmoja wa wabebaji, hakusema neno hilo. "Mimi si mzee," alitamba kila alipoulizwa. Kwenye mteremko goti lake lilikunjika. Machela ikainama, Enid akapiga yowe, mikono mingi ikamdaka.

Yosamu hakupaza sauti. "Nobert, kuchoka si kosa. Kosa ni kuficha. Ulilinda jina lako, ukamsahau aliyelala hapa."

Enid alipofika barabarani salama na kupakiwa garini, Kabugho aliketi kwenye jiwe akalia. Alimweleza mjomba wake yote: upweke wa nyumbani, Aimée, kura ya Jumatatu.

"Hata mimi namlilia dada yangu," Yosamu alisema. "Nenda ukawaambie."

"Wakinicheka, mjomba?"

"Wawili watatu watacheka. Itauma, lakini hutaanguka."

Jumatatu alisimama mbele ya darasa.

"Mama yangu ni mgonjwa sana. Naogopa, na hofu yangu nimewatupia nyinyi. Aimée, nilikutukana kwa jambo ambalo hukulichagua. Nisamehe."

Mtu alicheka nyuma. Kabugho hakufoka. Alisubiri kicheko kiishe.

"Juu ya nini ulinyamaza?" Aimée aliuliza polepole. "Mama yangu naye alibakia kule. Tungelia wawili."

Aimée akainuka, akaja kusimama karibu naye.

Kura zilipohesabiwa, Kabugho alibaki kiranja kwa kura chache tu, maana wengi bado walimpinga. Mama yake alikuwa angali hospitalini. Lakini saa ya uji Aimée alimfuata ukutani na kikombe chake, kisha akaja mwingine.

Kabla ya kufunga darasa jioni ile, Mwalimu Tumwesigye aliwaambia wote, "Kiongozi ana moyo unaouma kama wenu. Aujue kwanza moyo wake. Asiyetaka kujua kinachomuuma, atawaumiza anaowaongoza."