Nifikishe kwa Mama

Zamani zile mji wa Ungwi ulipokuwa ungali na ukuta, na nguo za Kambaya kutoka Bara Hindi zikivaliwa na kila mwenye heshima, alikuwapo askari mmoja jina lake Msham wa Kombo. Sasa ukuta ule ulikuwa umekwisha kuanguka, likasalia lango tu, na Msham mwenyewe alikuwa mbali na kwao, katika nchi ya Wabanyani, akipanda ngazi za mawe kwenda kwenye hekalu la kale ambalo kila nguzo yake ilichongwa ndovu na wacheza ngoma. Kwapani alibeba kilemba chekundu cha mtu aliyekufa.

Kilemba kilikuwa cha Meghaji, Mbanyani mwuza nguo. Adui zao, watu wa Mtangani, walipouzingira Ungwi, wageni wenzake waliondoka, yeye akabaki. Alifungua majora yake yote, yakaloweshwa maji na kutandazwa juu ya mapaa ya makuti ili mishale ya moto isiyawashe. Mshale wa sumu ulimpata akiwa juu ya paa, akivuta jora la mwisho. Alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Msham, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Nifikishe hekaluni kwa mama."

Msham aliapa. Lakini tangu siku ile alisikia nyayo nyuma yake. Akisimama, nazo husimama. Akigeuka, hapana mtu. Alijipa moyo kwamba akishafikisha habari, zitakoma.

Mlangoni alimkuta Lalji, mdogo wake Meghaji, aliyewahi kufanya biashara Ungwi na kukijua Kiswahili.

"Mkanda huo ni ngozi, Bwana Msham. Hauingii humu."

"Na ala ya jambia?"

"Ngozi pia."

"Na viatu nimekwisha vua. Mnataka kunichuna na mimi mwenyewe?"

Lalji akacheka. Kisha akakiona kilemba cha kaka yake, akatangulia ndani kumwambia mama.

Kizingitini ilining'inia kengele ya shaba. Kila aingiaye aliigonga, mungu wao apate kujua kwamba mtu amekuja. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya msandali. Chini ya nguzo aliketi mama yao, Ratanba, amejitanda nguo nyeupe. Mapajani alipakata chombo kidogo cha shaba, kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa.

"Mama anauliza yuko wapi," Lalji akasema.

Msham akapiga magoti, akaeleza kwa fahari, maana hilo ndilo jambo pekee katika vita vile aliloamini amelifanya sawasawa.

"Mwambie hatukumtupa. Mji ulikuwa unawaka, lakini nilimwosha kwa mikono hii. Nikamkafini kwa bafta yake mwenyewe, iliyo bora. Nikashuka kaburini, nikamlaza ubavu, nikamwelekeza kibla. Hata ndugu yangu wa tumbo moja nisingemzika vizuri zaidi."

Lalji hakutafsiri. Alimkodolea macho.

"Mlimfukia?"

"Tulimzika."

"Msham! Kwetu anayefukiwa ni mtoto mchanga. Mtu mzima huchomwa, majivu yake yakaletwa hapa, kisha yakatiwa mtoni. Kakangu alikuambia nini?"

"Nifikishe."

"Sasa umemfikisha nani?"

Msham akakitazama chombo kile kitupu, ndipo akaelewa. Alidhani ametumwa kupeleka habari, kumbe alikabidhiwa mtu. Nyuma yao, kizingitini pasipo na mtu, kengele ikalia mara moja. Ratanba peke yake ndiye aliyeinua macho.

Lalji akamweleza mamaye yote. Mama yule hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Anataka kujua kichwa alikishika nani, mlipomlaza."

"Mimi."

Ratanba akaishika mikono ya Msham, akanusa viganja vyake, akasema maneno machache.

"Anasema mikono hii inajua alipo. Imtoe."

"Lalji, Ungwi imeshikwa na adui. Na kwetu kufukua kaburi ni jambo zito. Nitakuwa nani tena mbele ya watu wangu?"

Lalji akatafsiri. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema hakulazimishi. Yeye yupo tu hapa, anangoja."

Msham akakiweka kilemba mapajani mwa Ratanba, akakichukua chombo.

Yaliyofuata yalibaki katika masimulizi ya maadui zake. Watu wa Mtangani walisimulia kwamba mtu mmoja asiye na silaha aliingia lango la Ungwi mchana kweupe, akaomba ruhusa ya kufukua kaburi. Walimcheka, wakamwita mla maiti, wakamwacha achimbe. Watu wake waliosalia walimtemea mate, wakakataa kusimama naye safu moja msikitini. Alichimba peke yake, akawasha moto peke yake. Harufu ya msandali ilikaa mjini hata watu wakauita mwaka ule Mwaka wa Msandali, na wajukuu wao waliendelea kuuita hivyo bila kujua sababu.

Katika nasaba za Ungwi jina la Msham halimo. Kama alifika tena kwenye lile hekalu, hakuna asimuliaye. Walinzi wa lango walisema tu kwamba alitoka alfajiri amekikumbatia chombo kifuani, akizungumza nacho polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.